Meli ya Karatasi Iliyovaa Barua Yako

Dada yangu mpendwa Anastazia,

Watu wa Musoma wakihesabu wakubwa waliotoka huku kwetu Mara, wanaanza na yule wa Butiama, halafu wananitaja mimi. Sisemi kwa majivuno. Nakwambia kwa sababu wewe uliondoka kabla hujaona nilivyokuja kuwa mtu. Ofisa yeyote akifika hapa kijijini na Landrova, hata maji hajanywa, anauliza, "Yule fundi wa meli anakaa wapi?" Wamekuja wa Bunda, wamekuja wa Musoma. Mwenye duka mmoja wa pale Iringo mjini alitaka kuinunua meli yangu, nikamwambia meli ya vita hainunuliwi, inatekwa. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Hali yako sikuulizi, huko uliko hali haiulizwi. Sisi tunatembea. Mama yupo, macho yamepungua lakini masikio yameongezeka. Mwanao Nyangeta amemaliza darasa la saba, na ana mwendo wako ule wa kuutupa mguu wa kushoto. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, herufi moja moja, na sitaitia bahasha. Sababu utaikuta mbele.

Meli unaijua. Sisemi ya karatasi, nasema ile ya chuma, ya Mwingereza, iliyopanda mwamba huku kwetu Majita wakati wa vita vya Mjerumani. Babu aliiona akiwa kijana. Akimaliza uji wake anaanza: ilikuwa na dohani moja nyeusi ya kutolea moshi, mzinga mbele, na kengele iliyokuwa ikijilia yenyewe mawimbi yakiipiga. Wenyewe waliikimbia. Wazee wetu wakaingia majini wakang'oa shaba, na shaba ile ndiyo bangili ya mama mpaka leo. Wewe ulimuulizaga babu maswali ya watu wenye akili. Dohani ilikuwa nene kiasi gani? Babu anakumbatia hewa, na wewe unampima mikono kwa kamba ya katani, unapiga fundo. Mimi nilimuulizaga walikufa wangapi. Akisema hakufa mtu, mimi najibu, "Basi hiyo si vita." Ukanipiga kofi la kisogo ambalo nikiinama bado nalisikia.

Meli ya kwanza uliikunja wewe, kwa karatasi ya daftari la misheni. Ikaenda juu ya maji pale ufukweni kwetu Kiriba mpaka ikawapita wanawake wanaoanika furu, wale samaki wadogo. Yangu ilizama palepale miguuni. Ukaiokota, ukaikamua kama kitambaa, ukaniambia, "Magesa, mkono wako una haraka kama mdomo wako. Karatasi inataka mtu anayeweza kukaa kimya."

Halafu ukaolewa Kibara, na mimi ndipo nikawa msomaji wa nyumba.

Hapa naomba usicheke. Wewe ulikuwa unajua nilivyoiacha shule. Darasa la kwanza nilikimbia fimbo, la pili nililiona dirishani tu. Lakini baba alipofariki, nyumba ilihitaji mwanaume anayesoma, na mimi nilikuwa mwanaume, basi nusu ya kazi ilikuwa imeshafanyika. Barua zako zilikujaga na lori la pamba mpaka Bunda, toka Bunda mpaka Musoma, na utingo wa lori ndiye aliyenipa mkononi. Namnunulia kahawa, namuuliza habari za Kibara. Ananiambia shemeji kalima wapi, nani kaugua, mvua imekujaje. Namsikiliza vizuri. Halafu narudi nyumbani, naifungua barua mbele ya mama, nakohoa kama padri, nasoma. Mama akawa anawaambia majirani, "Magesa wangu akisoma, ni kama Anastazia kaketi hapa." Nilisoma barua sita namna hiyo, Dada, na sikuwahi kukosea hata moja.

Ya saba ililetwa na utingo mgeni. Nilimpa kahawa, nikamuuliza habari za Kibara, akasema, "Mimi nimeanza kazi jana."

Nikarudi nyumbani na karatasi nisiyokuwa na habari yake. Ilikuwa nzuri, nene, ile ya masista, umeijaza wino juu mpaka chini. Mama alikuwa anachambua mtama.

"Anasemaje?"

"Anasema hajambo."

"Karatasi nzima hiyo, hajambo tu?"

"Anawasalimu wote."

"Na nini tena?"

Dada, jasho lilinitoka. Nje mbuzi wa jirani akalia. "Anasema mbuzi wake amezaa."

"Mbuzi yupi?"

"Yule mweusi."

"Amezaa wangapi?"

"Mapacha. Majike wote wawili."

Mama akaweka ungo chini akapiga kigelegele, mpaka watu wakaja kuuliza kuna nini. Akawaambia wote: binti yangu mbuzi wake amezaa majike wawili, Mungu amemkumbuka huko Kibara.

Kosa la uongo ni kwamba unatakiwa kuukumbuka. Mama aliipenda ile barua kuliko zote. Kila siku mbili tatu anaitoa kwenye mkebe wa majani ya chai. "Nisomee tena pale pa mbuzi." Mara moja nikasema mbuzi wa madoa. Akanitazama. "Juzi alikuwa mweusi." Nikasema mwanga ulikuwa mdogo. Siku nyingine nikasahau mapacha. Nikaona hapa nitaumbuka.

Ndipo Uhuru ukaniokoa. Lilikuja tangazo kwamba siku ya sherehe kila upande upeleke Musoma kitu cha mikono yake, kionyeshwe uwanjani. Watu wa kwetu wakasema vikapu na migono ya kutegea samaki. Mimi nikasimama mkutanoni nikasema, "Ndugu zangu, Mwingereza anaondoka Desemba, lakini sisi tulimshinda zamani. Jiwe letu liliikamata meli yake. Nitawaletea hiyo meli."

Mzee mmoja akauliza, "Utaivuta na nini?"

"Nitaijenga. Kwa karatasi."

Walicheka mpaka mwenyekiti akasahau alikuwa anasema nini.

Lakini kamba yako ya katani ilikuwa bado inaning'inia darini kwa babu, na mafundo yake yote: la dohani, la mzinga, na la urefu, zile hatua arobaini alizozipiga ufukweni wewe ukimfuata nyuma. Nikafanya hatua moja iwe upana wa kidole. Mbavu za meli nilikata kwa wembe kutoka boksi la sabuni. Sitaha ilikuwa mfuko wa simenti, niliulainisha kwa chupa. Kamba za mlingoti, uzi wa pindo la kanga ya mama. Vizuizi vya pembeni, njiti za kiberiti. Na vichwa vya misumari ya chuma, ile misumari inayoshika bati na bati, nilivitokeza kwa sindano butu upande wa nyuma wa karatasi, kimoja kimoja, mpaka vikatuna kama upele. Watu nawaambiaga viko elfu kumi. Sijawahi kuvihesabu, lakini vidole viliota malengelenge. Gundi ilikuwa uji wa muhogo, nikatia maji ya mwarobaini mende wasiile. Dada, nilikaa kimya wiki saba. Ungekuwepo usingeniamini.

Tumbo ndilo lililonishinda, pale chini meli inapojipinda kuingia majini. Karatasi ya boksi ilivunjika. Ya simenti ilikunjamana kama shingo ya kobe. Nilihitaji karatasi nene inayokubali kupinda. Na nyumba nzima ilikuwa na moja tu ya namna hiyo, na hiyo moja nilikuwa naiogopa.

Nikamwambia mama, "Barua ya Dada tuiweke ndani ya meli. Iende nayo Musoma, iuone Uhuru."

Mama alifurahi. Aliibusu kabla hajanipa. Nikaichanja mikato pembeni ipate kupinda, nikaipaka uji, nikaivisha meli tumboni, maandishi yakitazama nje, juu nikapaka rangi ya majivu na chokaa. Ilikaa kama imeshonwa. Nikapumua. Nilikuwa nimepata meli, na nilikuwa nimempoteza mbuzi.

Siku yenyewe Musoma ilijaa. Niliibeba kichwani toka kituo cha lori mpaka uwanjani na watu wakanipisha. Ofisa mmoja mzungu alivua kofia akainama kuangalia mzinga, akauliza nimesomea wapi. Nikajibu Kiriba. Walikuwa wanapanga meza za washindi. Hapo akaja mtu akanigusa bega, kijana wa lori la Kibara, shati limejaa vumbi.

"Wewe ndiye Magesa, ndugu yake mke wa…"

Nikamwambia, "Subiri kidogo, bado hawajatangaza."

Akasubiri. Alisimama nyuma yangu, mikono nyuma, mpaka wakatangaza. Nilishinda, Dada. Nikageuka ninacheka kumwuliza anataka nini, naye akaniambia kwamba siku mbili zilizopita ulijifungua mtoto wa kike, na kwamba yeye ametumwa kwa sababu ya mazishi.

Mtoto tulimchukua kwako akiwa mwekundu kama kidole kilichoungua, mama akamlea. Meli nikaiweka juu ya kabati. Tangu hapo sikuwa na amani nayo. Upepo wa ziwa ukileta unyevu, karatasi inavimba. Jua likitoka, inajikaza, na inatoa sauti. Wageni wanasema ni panya. Mimi najua ni sauti gani. Ni sauti ya mtu anayefungua barua taratibu asikuamshe. Mama akipita anaigonga kwa bangili, "Umeshindaje, mwanangu?" na kitu kinajibu kwa ndani, krrk. Mimi natoka nje.

Wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa lori lilitupa muda wa kupakia kidogo tu. Nilikaa nayo mapajani njia nzima. Tulipofika kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kama meno, mama akauliza liko wapi jiwe lake la kusagia. Lilikuwa limebaki. Majirani walinitania mwaka mzima: "Huyu kabeba meli, kaacha jiwe." Ningewaambia nini? Kwamba niliogopa kuiacha peke yake, na niliogopa kukaa nayo?

Halafu ikaja elimu ya watu wazima. Mwalimu wetu akawa Nyangeta. Nilikwenda kukagua tu, kama mtu mkubwa, nikakaa nyuma. Kila jioni nikakagua. Tukafika ba, be, bi, bo, bu. Akaniita ubaoni, nikasema nimesahau miwani. Akanitazama na macho yako yale. "Mjomba, wewe huna miwani."

Siku moja narudi nyumbani nikatazama meli. Miaka ilikuwa imeila chokaa, na wino wako ulikuwa umeanza kupanda juu kidogo kidogo. Chini ya mzinga palikuwa na alama ambazo nimeziona miaka yote nikidhani ni madoa. Midomo yangu ikaanza yenyewe. Ba. I. Ske. Li.

Mwaka ule wa barua mimi nilikuwa na baiskeli. Ilikuwa peke yake upande wetu, niliisifia mpaka kwenye matanga ya watu. Kwa nini uiandike baiskeli yangu? Niliacha kulala upande ule wa nyumba. Nikifumba macho naliona neno linapanda toka majini, na nyuma yake kuna mengine yanasubiri zamu, mikono nyuma, kama yule kijana wa lori.

Mwezi uliopita niliusoma ubao mzima mbele ya darasa. Watu wakapiga makofi. Nyangeta hakupiga. Alinifuata nje.

"Mjomba, kumbe ulikuwa hujui kusoma."

"Nilikuwa najua, niliacha tu."

"Bibi anasema barua ya mwisho ya mama iko kwenye meli yako. Ulimsomeaje?"

Nilimpa hadithi tatu palepale. Alizisikiliza zote mpaka mwisho. Akasema, "Mimi sina hata neno moja la mama yangu. Hilo moja tu naliomba."

Jumapili, mama akiwa bado kanisani, tuliweka sufuria ya maji motoni, nikaishika meli juu ya mvuke. Uji wa muhogo ukalegea. Nyangeta akaivua barua kwa upande butu wa kisu, taratibu, asiharakishe hata kidogo. Mkono wake ulikuwa mkono wako. Akaitandaza juu ya meza, mikato yangu ikaachana kama meno ya sega. Kuna maneno niliyoyakata na hayapo tena. Yaliyobaki alisoma kimya, bila kusogeza midomo. Mimi nilimfuata kwa kidole.

Uliandika miguu imevimba na kichwa hakiachi kuuma. Kwamba huko wanakwambia uvumilie. Kwamba unataka kuzalia kwa mama. "Magesa aje na baiskeli yake anichukue mapema, barabara ya Bunda bado kavu." Halafu mkato wangu umekula mstari mzima. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Magesa, kama hii imekushinda ipeleke kwa katekista akusomee. Usione haya. Mimi sitamwambia mama."

Ulijua. Ulijua toka barua ya kwanza, na ukawa unaandika tu.

Bangili ikalia mlangoni. Mama akaliona tumbo la meli liko wazi, mbavu zimetoka nje.

"Mmeivunja?"

"Tumeifungua, bibi," Nyangeta akasema.

Mama akavuta kigoda akakaa, akakunja mikono kama mtoto anayesubiri chakula. "Basi nisomee. Wewe una sauti yake. Nisomee pale pa mbuzi."

Nyangeta akanitazama. Sijui uso wangu ulikuwaje. Najua macho yangu yaliangalia sufuria. Mtoto akashusha macho kwenye karatasi, akasema polepole, "Anasema mbuzi mweusi amezaa. Mapacha."

"Majike?"

"Majike, bibi."

Mama akacheka chini chini. "Mama yako alipendaga mifugo."

Nje, Nyangeta akanigeukia. "Nimefanya mara moja tu, Mjomba. Wewe uliwezaje miaka kumi na sita?" Akasema, "Darasani nimewapa kazi ya kuandika barua kwa mtu aliye mbali, isomwe mbele ya watu wote halafu ibandikwe ukutani. Andika yako. Bibi nitamwekea kiti mbele. Nitasoma kilichoandikwa. Sitaongeza na sitapunguza."

Ndiyo maana haina bahasha, Dada.

Meli nimeirudisha juu ya kabati, tumbo wazi. Hailii tena. Unyevu unakuja, jua linatoka, kimya. Nilidhani nitafurahi. Sasa ndiyo naamka kusikiliza, na baiskeli ile niliyoiuza zamani naisikia inapita njia ya Bunda, haina mtu nyuma. Barua yako iko kwenye mkebe wa chai. Mstari nilioukata naendelea kuutafuta. Nimepekua hata vumbi la kabati. Kama ulisema kitu cha kunisamehe, nilikikata. Kama ulisema kitu cha kunilaani, nacho nilikikata.

Kaa salama huko, Dada. Mkono wangu umejifunza kwenda polepole. Mdomo ndio umechelewa. Watu watakuwa wengi darasani, na wote wananijua mimi ni nani. Nyangeta, ukifika hapa usishushe sauti. Mgeukie bibi yako, mtazame, usome kama nilivyoandika:

Mama, hapakuwa na mbuzi.

Mdogo wako, mjomba wa mwanao,
Magesa